Kaseti ya Harusi Yafufuka Mathare

Wasomaji wa ukurasa huu watanicheka, na wana haki, nikiwaambia kwamba mtu wa makamo yangu, mwenye mvi na wajukuu, nalifunga safari kutoka Mombasa hadi Nairobi kumtafuta mtu anayecheza gemu. Lakini mwenye haja hachagui mlango wa kubisha.

Haja yangu ilikuwa kaseti moja ya video. Ndani yake mna harusi ya dada yangu, iliyofanywa Mombasa mwaka 1989. Siku hizo kamera ya video ilikuwa jambo la fahari mtaani, na mpiga picha alitafutwa mapema kama anavyotafutwa mpishi wa pilau. Marehemu baba yetu ndiye aliyesimama kuwausia maarusi kabla ya maulidi kusomwa. Mwaka uliofuata akafariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mjukuu wake wa kwanza hajazaliwa bado. Picha zake tunazo mbili tatu. Sauti yake haiko popote ila katika kaseti ile.

Joto na hewa ya chumvi ni adui wa kaseti. Tepu ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku, na palipo unyevu huota ukungu mweupe kama unga wa muhogo. Yetu ilikuwa imeota. Naliizungusha mjini kwa mafundi watatu, na wote walinipa jibu moja: deki hakuna tena. Na ni kweli. Mtindo huu wa VHS ulitolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Betamax ya Sony. Ukaenea dunia nzima, kisha ukasukumwa kando na diski. Na mwezi wa Julai 2016 kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kuunda deki hizo, ikaiacha kazi hiyo.

Mwana wa dada yangu huyo, afanyaye kazi Eastleigh, ndiye aliyeniokoa. Alinipigia simu, akasema: "Mjomba, njoo nayo huku. Mathare kuna bwana mmoja mpenda gemu za zamani. Hajatupa kitu."

NG'AMBO YA BARABARA

Kutoka Eastleigh hadi Mathare ni kuvuka barabara ya Juja tu. Upande huu maduka ya vitambaa na minara ya misikiti. Upande wa pili bonde linateremka hadi mtoni, na mabati yamepandana kama magamba ya samaki. Sisi watu wa pwani, tukitajiwa Mathare, aghalabu hukumbuka hospitali ya wagonjwa wa akili, au fujo tulizozisikia redioni, na basi.

Mwenyeji wangu ni mtu wa miaka arubaini hivi. Hakupenda jina lake litiwe gazetini, alisema mtaa wote unamjua na hiyo yatosha. Chumba chake ni kimoja, cha mabati. Mbele pana televisheni tatu za zamani, zile zenye mgongo, na mbele ya kila moja mashine ya PlayStation 2. Vijana wamebanana juu ya viti virefu, kila mmoja na sarafu yake mkononi, wangoja zamu. Nyuma ya pazia ndipo ilipo hazina: deki nne za VHS, sanduku la nyaya, na rafu ya kaseti za mechi za mpira, kila moja imeandikwa kwa wino tarehe na timu.

Nalimuuliza kwa nini hanunui mashine mpya. PlayStation 2, akanieleza, ilitoka mwaka 2000 na haikuachwa kuundwa hadi 2013, na ziliuzwa zaidi ya milioni 150. Kwa hiyo vipuri havijaadimika. "Hizi mpya, mzee, zataka intaneti na zataka kulipiwa kila mara. Hii ya zamani yataka stima na subira." Jicho linalosoma diski likififia, hulifungua kwa bisibisi, akalipangusa kwa pamba na spiriti, nalo likaona tena.

MAJINA YALIYOANDIKWA KWA MKONO

Kisha akatoa kitu kidogo mfano wa kibiriti. Ni kadi ya kumbukumbu ya mashine hiyo, yenye nafasi ya megabaiti 8 tu, ambayo leo haitoshi kuhifadhi picha chache za simu. "Hapa ndani, mzee, mna timu yetu."

Mchezo wenyewe ni Winning Eleven, mpira wa kiooni uliotungwa na kampuni ya Konami ya Japani. Mlikuwa na Brazil, mlikuwa na Italia, mlikuwa na vilabu vikubwa vya Ulaya. Mathare haikuwamo. Lakini waundaji waliacha mlango wazi, kwamba mchezaji aweza kubadili jina la timu na majina ya watu. Basi mwaka 2008, Mathare United walipotwaa ubingwa wa Kenya, bwana huyu alikaa usiku akawaandika mmoja mmoja, herufi kwa herufi. Nafasi za akiba zilizosalia akazijaza majina ya wenzake wa utotoni. Akanionyesha mawili kwa kidole. "Hawa wametangulia. Lakini hapa huingia kila kipindi cha pili."

Sikuwa na la kumjibu.

Ubingwa ule haukuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1987 Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akishughulika na mambo ya mazingira, aliwaona watoto wa bonde hili wakicheza mpira wa makaratasi uliofungwa kamba. Akawasaidia kuanzisha chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kijulikanacho kwa herufi MYSA. Sharti lilikuwa moja: atendaye atatendewa, na asiyetenda asingoje. Timu iliyozoa taka na kuzibua mitaro iliandikiwa pointi katika jedwali la ligi, kama iliyofunga mabao. Mwaka 1992 wasichana nao wakaanza kucheza, na mwaka huo huo chama kikapewa tuzo ya Global 500 ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Mwaka 1994 ikazaliwa Mathare United, ikachukua kombe la Moi Golden mwaka 1998 na tena 2000. Dennis Oliech alipita hapo kabla ya kwenda Qatar na kisha Nantes na Auxerre za Ufaransa.

Mwenyeji wangu alikuwa mmoja wa waliozoa taka hizo. Goti likamkatiza. Mpira ukamhama miguuni, ukakaa kioo chake.

Siku anayoisimulia zaidi ni ile ya mwaka 2010, alipotia diski mpya ya mpira, akafungua timu ya Inter ya Milan, na humo akalikuta jina la McDonald Mariga, kijana wa Muthurwa, papa hapa Eastlands. Mariga aliingia Inter mwanzoni mwa mwaka huo, na timu ikawa bingwa wa Ulaya mwezi wa Mei. "Huyu sikumwandika mimi," akasema. "Huyu waliandika wenyewe."

NA KAMARI JE?

Najua msomaji wangu wa Mombasa, Lamu au Malindi anasema moyoni: Hayo mazuri, lakini vyumba hivi ndivyo vinavyowatoa watoto wetu madrasani. Nami sitamkanusha. Nimeviona vyumba vya gemu kwetu ambamo adhana ya alasiri huingia na kutoka bila kuinua mtu, na pesa zinawekeanwa mezani waziwazi. Kucheza kwenyewe wanazuoni wana maneno mengi juu yake. Kamari haina maneno. Aya ya 90 ya Suratul Maida imekwisha kuyamaliza. Na leo, pamoja na mashine, kuna kubashiri mechi kwa simu, kunakokula hata mshahara wa baba mtu.

Nalimuuliza waziwazi. Hakukasirika, akanionyesha ukutani kipande cha katoni chenye amri tatu: mwenye sare ya shule haingii kabla ya saa kumi, pesa haziwekwi mezani, aliyefungwa afagie njia mpaka mtaroni. Hiyo ya tatu, alisema, ameirithi kutoka chama chake cha utotoni. Na kweli, tuliposema hayo, kijana mmoja alikuwa nje na ufagio, akizomewa na wenziwe.

Mto Mathare ulipofurika Aprili 2024, ukazoa nyumba na watu, vijana hao hao ndio waliopanga mstari gizani wakapitisha mashine na kaseti kutoka mkono hadi mkono mpaka juu barabarani. Godoro lake lilichukuliwa na maji.

SAUTI

Kaseti yetu ilimchukua siku mbili. Aliifungua, akaupangusa utepe polepole akiuzungusha kwa mkono, kisha akautia katika deki moja kongwe aliyoitenga kwa kaseti zenye ukungu, ili maradhi yasihamie nzima. Nikamwambia kwamba mwisho wa tepu ni upande wa wanawake, na si wa kutazamwa nasi. Akatikisa kichwa kukubali, akanipa remoti mkononi. "Basi wewe ndiye wa kuzima, mzee."

Picha ilikuja ikitetemeka, na mistari myeupe ikipita. Kisha nikaiona kanzu ya baba, na fimbo yake. Akakohoa, kama alivyokuwa akikohoa siku zote kabla ya kusema jambo. "Nyumba ni ya wawili," akasema. "Atakayetoka kwa hasira, arejee kabla taa hazijazimwa."

Mpwa wangu alikuwa amekaa kando yangu. Ana miaka thelathini na mitano, na ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti ya babu yake. Vijana waliokuwa wakicheza mbele ya pazia walinyamaza wenyewe, hapana aliyewaambia.

Nikazima pale palipostahili, naye akakata nakala papo hapo.

Njiani kurudi pwani nalikuwa nikiwaza. Miaka mingi nimeandika na kusema kwamba vyombo hivi ni upuuzi. Kumbe amana yetu sisi watu wa chuoni tuliiacha kabatini ikaota ukungu, na aliyeitunza ni mcheza gemu wa Mathare. Chumba kile na vile vya kamari vina mashine zile zile. Kinachovitenga ni kipande cha katoni ukutani na mtu wa kukisimamia. Nami nikatunga beti hii moja, niwaachie wasomaji:

Chombo hakina lawama, lawama ni ya nahodha,
Kikishikwa kwa hekima, huzaa tunu na ladha,
Kikenda mrama, jama, huleta tabu na adha,
Tusikilaumu chombo, tumuusie nahodha.