Stelingi, Mwongozaji na Mtafsiri: Maneno ya Wapenzi wa Sinema katika Ngara na Biharamulo

Mpenzi wa sinema akaaye Ngara au Biharamulo, akiulizwa ni wachezaji gani awapendao, hujibu upesi. Atawataja Rambo, Komando, Jet Li, Jackie Chan na Kanumba. Na kijana wa siku hizi huenda akaongeza Prabhas au Shah Rukh Khan. Lakini akiulizwa ni waongozaji gani awapendao, yamkini atasita, au atalitaja jina la mtu ambaye hakupata kukanyaga mahali picha ilipopigwa, yaani mtafsiri wake. Jibu hilo si la kuchekwa. Ndani yake limo jambo ambalo watungaji wa istilahi za sinema wamelipita kwa haraka.

Yafaa kwanza kuyatazama majina yenyewe. Katika hayo matano ya mwanzo, mawili si ya wachezaji. Rambo ni jina la askari asimuliwaye katika picha ya mwaka 1982 iliyoongozwa na Ted Kotcheff, na aliyemcheza ni Sylvester Stallone. Komando ni jina la picha ya mwaka 1985 ya Mark L. Lester, aliyoicheza Arnold Schwarzenegger. Mtazamaji amelichukua jina litamkikalo, akaliacha lile gumu. Rambo limesafiri mbali zaidi, kwani hata mfuko wa plastiki uliitwa rambo, mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019.

Neno lililo muhimu kuliko yote katika mazungumzo hayo ni stelingi. Asili yake ni neno la Kiingereza liandikwalo mwanzoni mwa picha, juu ya majina ya wachezaji wakuu. Huko lilitoka katika kitenzi. Kiswahili kimelifanya nomino ya mtu, kikalipa wingi mastelingi na upatanisho wa viumbe: stelingi amepona, mastelingi wamekutana. Maana nayo imebadilika. Stelingi si mchezaji mkuu tu, bali ni yule ambaye hadithi haina ruhusa ya kumwua kabla ya mwisho, na mtazamaji akionywa kuwa stelingi hafi, anafundishwa kanuni ya utunzi. Neno "mhusika mkuu" la vitabuni halibebi maana hiyo yote, na pengine ndiyo sababu halisikiki katika vibanda umiza.

Mwongozaji, kwa upande wake, ni neno zuri lisilo na kazi mahali hapo, kwa kuwa mtu anayemwongoza mtazamaji ni mwingine. Mtafsiri huipunguza sauti ya asili, akasema yeye kwa niaba ya wote, mwanamume na mwanamke, mzee na mtoto. Huwapa watu majina mapya, hueleza mji uko wapi, humkejeli adui, na palipo kimya hutia mzaha. Sauti ya Derek Gaspar Mukandala, ajulikanaye zaidi kwa jina la Lufufu, ilienea nchini kwa njia hiyo. Kwa hiyo, mtu asemapo kwamba Jet Li ni mcheshi, huenda anamhukumu Jet Li kwa maneno ambayo Jet Li hakuyasema. Picha hiyohiyo ikitafsiriwa na mwingine, mcheshi huyo aweza kuwa mtu wa makini asiyecheka.

Desturi hii ina mizizi mirefu. Katika miaka ya 1935 hadi 1937, L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza picha huko Vugiri, katika milima ya Usambara, wakazitembeza kwa lori; maelezo yake yalitoka katika sahani za santuri, au yalisemwa papo hapo katika kipaza sauti. Picha zilizochezwa kwa Kiswahili zilifuata miaka ya 1950, na stelingi wa Muhogo Mchungu alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. (Jambo hili lingewafaa wale wasemao kuwa mchezo wa sinema ni kazi ya wavivu.)

Wilaya hizi mbili zina jambo lao la pekee. Barabara itokayo Nyakanazi, katika Biharamulo, yaelekea Ngara na kufika mipaka ya Rusumo na Kabanga. Ng'ambo ya Rusumo, picha ya namna hii huitwa agasobanuye, kutokana na kitenzi gusobanura, yaani kueleza. Kitenzi hicho kimo pia katika Kirundi, na Kihangaza cha Ngara kinakaribiana mno na Kirundi. Basi Mhangaza anayo majina mawili ya kazi moja, na hayalingani: Kiswahili husema picha imetafsiriwa, Kinyarwanda husema imeelezwa. Kwa mwenye kupima kazi yenyewe, Kinyarwanda kimesema kweli zaidi, kwani kilichotafsiriwa hasa katika picha hizo ni kidogo.

Kanumba hahitaji mtafsiri. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akafa Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, na katika picha zake za Kiswahili mtazamaji husikia sauti yake mwenyewe. Vivyo hivyo Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, aliyoiongoza Amil Shivji kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi: hapo mwongozaji aweza kutajwa kwa haki, maana hakuna aliyesimama kati yake na mtazamaji.

Kamusi, basi, zina deni. Stelingi laongojea kuandikwa pamoja na wingi wake. Mtafsiri anahitaji maana ya pili, iliyo tofauti na ya yule akaaye ofisini na hati mbele yake. Kazi hiyo haiwezi kufanywa bila sauti zenyewe, na sauti hizo zilirekodiwa katika kanda za VHS, nazo kanda zimekwisha kuchakaa. Zilizohamishiwa katika simu hufutwa kila picha mpya inapowasili.