Vumbi usiloliona kwenye karasha

Ukipita kwenye makarasha ya Geita au Kahama, utaona watu weupe pee kwa vumbi, wamejifunga kitambaa puani. Je, kitambaa kinatosha? Hapana, na sababu ni hii.

Dhahabu ya huku mara nyingi imo kwenye mwamba wenye silika. Ukisagwa mkavu, hutoa chembe za kila ukubwa. Zile unazoziona hutua chini au hunaswa puani. Zilizo chini ya maikromita 5, ndogo mara kumi na zaidi kuliko unene wa unywele, huelea hewani muda mrefu, hupenya kitambaa na kufika mwisho kabisa wa mapafu. Seli za kinga huzimeza, hushindwa kuziyeyusha, kisha hufa. Panabaki kovu. Makovu yakizidi, huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna tiba, na unaongeza hatari ya kupata kifua kikuu.

Sasa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 haimbani mwajiri peke yake. Wewe mfanyakazi unatakiwa ujali afya yako na ya wenzako, ufuate maelekezo ya usalama, na utoe taarifa ukiona hatari. Kwa hiyo usifunge maji ya kuloanisha mawe eti kazi iende chapchap. Barakoa ya kuchuja vumbi ukipewa, ivae. Nguo za kazini usiende nazo kwa watoto.

Ila maji na barakoa ni juu ya mwajiri kuvileta. Huwezi kufungulia bomba ambalo halipo. Lisipokuwepo, wajibu wako ni kusema, tena mapema.