Upasuaji wa Kikombe cha Nyonga Kilichovunjika

Kikombe cha nyonga ni shimo la duara lililo ubavuni mwa fupanyonga, ambamo kichwa cha mfupa wa paja huingia na kuzunguka, na sehemu yake inayobeba uzito hufunikwa na gegedu, yaani tishu yenye utelezi inayozuia mifupa kusagana. Kikombe hiki huvunjika kwa pigo kubwa: goti la abiria wa mbele likigonga dashibodi wakati wa ajali, nguvu hupanda kupitia pajani, ikabomoa ukuta wa nyuma wa kikombe na pengine kukichomoa kichwa mahali pake. Kwa wazee wenye mifupa dhaifu, kuanguka tu sakafuni hutosha.

Zamani wagonjwa wengi walilazwa wiki kadhaa huku mguu ukivutwa kwa uzito, na wengi wakabaki vilema. Mwaka 1964 madaktari wa Ufaransa, Robert na Jean Judet pamoja na Émile Letournel, walieleza kuwa kikombe hushikiliwa na nguzo mbili za mfupa, ya mbele na ya nyuma, wakagawa mivunjiko yake katika aina 10, na mgawanyo huo ndio unaomwongoza mpasuaji hadi leo kuamua aingilie upande gani. Si kila mvunjiko unaohitaji kisu, kwani vipande ambavyo havijahama huweza kuachwa viunge vyenyewe. Vilivyohama hurudishwa na kubanwa kwa bamba na skrubu za chuma.

Hapo ndipo milimita zinapohesabiwa. Mpasuaji Joel Matta wa Marekani, aliyechapisha mwaka 1996 matokeo ya nyonga 262 zilizopasuliwa ndani ya wiki tatu tangu kuumia, aliuita urudishaji kuwa kamili pale tu pengo lilipobaki milimita 1 au pungufu, na lililozidi milimita 3 akalihesabu kuwa baya. Asilimia 76 ya nyonga hizo zilipata matokeo mazuri au mazuri sana. Ngazi kati ya vipande, hata iwe ndogo kama unene wa kucha, hukwangua gegedu kila hatua, hadi kiungo kikapata baridi yabisi na kuhitaji kubadilishwa kwa nyonga bandia. Hata kazi safi haina dhamana kamili, kwa kuwa kichwa cha paja huweza kufa kwa kukosa damu, au neva kubwa ya mguu ikajeruhiwa na wayo ukalegea.

Baada ya upasuaji mgonjwa hutembelea magongo, akigusa chini kidogo tu kwa wiki 8 hadi 12, huku akifanya mazoezi ya viungo.

Jambo lililo mikononi mwa familia ni muda. Nyonga iliyochomoka inatakiwa kurudishwa ndani ya saa chache, na baada ya wiki tatu mfupa mpya huwa umevishika vipande vibaya, hivyo kuvipanga upya huwa kazi ngumu zaidi. Majeruhi wa nyonga asikandwe wala kuvutwa nyumbani. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.