Picha ya simu yako inaweza kutaja unapoishi: Fahamu jinsi ya kuizuia

Umepiga picha ya kochi unalotaka kuliuza. Haionyeshi jina la mtaa wala namba ya nyumba. Lakini ukiituma kwa barua pepe, mnunuzi usiyemjua anaweza kuona kwenye ramani kochi lilipo, kwa tofauti ya mita chache tu.

Inawezekanaje? Kamera ya simu janja ikiruhusiwa kutumia lokesheni, kila picha inahifadhiwa na taarifa usizoziona kwa macho: tarehe, saa, aina ya simu na namba za mahali ulipopigia. Taarifa hizo zinaitwa EXIF. Namba zinazoanza na -6.8 na 39.2, kwa mfano, ni za Dar es Salaam. Mtu akizibandika kwenye Google Maps, pini inashuka pale pale.

Simu inajuaje ulipo?

GPS ni mfumo wa setelaiti unaoendeshwa na Marekani. Setelaiti zake ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na kila moja inatangaza muda wote mahali ilipo na saa kamili.

Simu yako inasikiliza tu, haitumi chochote huko juu. Inapima mawimbi yametumia muda gani kufika, ambao ni chini ya sekunde 0.1, kisha inapiga hesabu ya umbali. Ikizipata setelaiti 4, imeshajua ulipo. Mahali pa wazi inakosea kwa mita 5 hivi. Katikati ya maghorofa inakosea zaidi, kwa sababu mawimbi yanagonga kuta kabla ya kukufikia.

Ndiyo maana GPS yenyewe haili bando. Kinachokula bando ni ramani.

Kwa hiyo kama unasafiri kwenda sehemu ambayo mtandao unasumbua, pakua ramani mapema ukiwa na Wi-Fi. Kwenye Google Maps gusa picha yako ya wasifu, chagua ramani za nje ya mtandao, kisha chagua eneo unalokwenda. Programu za Organic Maps na OsmAnd nazo zinafanya kazi bila mtandao. Zinatumia OpenStreetMap, ramani ambayo mwaka 2015 wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam walianza kuijazia mitaa yao kupitia mradi wa Ramani Huria, lengo likiwa kukabiliana na mafuriko.

Picha iliyomchoma tajiri

Desemba 2012, John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, alikuwa mafichoni. Polisi wa Belize walitaka kumhoji kuhusu mauaji ya jirani yake. Jarida la Vice likaweka mtandaoni picha aliyopiga na mwandishi wao, iliyopigwa kwa iPhone. Wasomaji wakaifungua, wakakuta namba za mahali: yuko Guatemala. Siku chache baadaye alikamatwa huko.

Si watu tu walio hatarini. Baadhi ya hifadhi za Afrika Kusini zimewahi kuwaomba wageni wazime lokesheni wanapopiga picha za faru, majangili wasije wakajua walipo.

Njia ipi inafuta, ipi inaacha?

- WhatsApp: ukituma kama picha ya kawaida, namba zinafutwa. Ukituma kama dokyumenti ili isipoteze ubora, zinabaki.
- Facebook na Instagram: anayeiona picha hapati namba hizo, ila kampuni yenyewe inaweza kuzisoma.
- Barua pepe na Bluetooth: picha kwa kawaida inakwenda na kila kitu chake.

Izime hivi

Android: fungua kamera, ingia kwenye mipangilio yake, tafuta sehemu ya kuhifadhi lokesheni kwenye picha, izime. Jina lake linatofautiana kulingana na simu.

iPhone: ingia kwenye mipangilio, kisha faragha na usalama, huduma za mahali, kamera, halafu chagua isitumie kabisa.

Hatua hiyo haigusi picha za zamani. Kabla ya kutuma mojawapo, njia rahisi ni kuipiga skrinshoti na kutuma hiyo skrinshoti, kwa sababu haibebi namba za mahali.

Usizime kila kitu

Lokesheni ina faida zake. Picha ya mpaka wa shamba au ya ajali barabarani ina uzito zaidi ikionyesha ilipigiwa wapi na saa ngapi. Kwa picha kama hizo, iwashe kwanza.

Na kama unataka ndugu akufuate, tumia lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp. Inakupa chaguo la dakika 15, saa 1 au saa 8, kisha inajizima yenyewe. Picha haina muda wa kuisha: ukishaituma na namba zake, aliyeipokea anabaki nazo.