Kichupa cha Mafuta ya Nguva

Nimeulizwa tena, safari hii na mama mmoja mnadani hapa Dodoma, mkononi kichupa cha mafuta ya manjano: "Daktari, haya ya nguva, mtoto wa kifafa anapakwa au anakunywa?" Shilingi elfu kumi na tano alishatoa. Nikafungua kizibo, nikanusa. Alizeti, imetiwa karafuu.

Hapakwi wala hanywi. Nimechoka kulijibu swali hili kwa upole, maana biashara yote imesimama juu ya uongo mmoja: kwamba nguva ni nusu mwanamke, nusu samaki, kwa hiyo ana nguvu za kijini. Nguva si samaki hata robo. Ana mapafu, huibuka kila baada ya dakika chache kuvuta pumzi, na mkia wake umelala bapa, haukusimama kama wa changu. Huo uanamke nao umetokana na chuchu mbili zilizo karibu na makwapa, anakonyonyeshea ndama. Tembo naye chuchu zake ziko kifuani, kati ya miguu ya mbele, na tembo ni ndugu yake wa karibu. Ndugu mwingine mnamwona kila asubuhi akiota jua kwenye mawe ya milima yetu: pimbi.

Niliwahi kushika ubavu wa nguva. Mfupa mzito kama jiwe, na uzito huo humsaidia kukaa chini akila majani ya bahari, makumi ya kilo kwa siku. Mafuta yake ni shahamu ya mla majani, kama ya ng'ombe. Hayagusi kifafa. Na yangetoka wapi? Nguva waliobaki Tanzania ni wachache mno, hasa kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka, huzaa mmoja, na huweza kukaa miaka 3 hadi 7 ndipo azae tena. Akinasa kwenye jarife la wavuvi hawezi kuibuka, anakufa maji. Katoni za vichupa zijae minada ya bara kwa nguva gani?

Yule mtoto wa mama wa mnadani alikuwa na siku nne bila vidonge. Mtoto wa kifafa akikatishwa vidonge ghafla anaweza kuanguka asizinduke.

Basi, kwa haraka. Mtoto arudishwe kliniki leo hii. Nguva analindwa kisheria, kwa hiyo muuzaji aripotiwe kwa afisa uvuvi. Wizara ya Mifugo na Uvuvi yenyewe iko hapa Mtumba. Na tuwaheshimu pia mamalia wenzake wa baharini: ukishuka pwani kati ya Julai na Oktoba ukabahatika kuona nyangumi nundu, nahodha apunguze mwendo, asiwakatize mbele, na mama mwenye ndama aachwe apite. Kizimkazi, kule Unguja, usijitose majini katikati ya pomboo waliopumzika. Pomboo aliyekwama ufukweni mmwagieni maji, mtilieni kivuli, tundu la pumzi lisizibwe, msimvute mkia. Nguva akiwa hai jarifeni, kateni wavu, na mpigieni afisa uvuvi wa wilaya kabla watu hawajafika na visu.