Picha za familia zisipotee

Harusi hupita kwa siku moja, na wazee wetu hututangulia mbele ya haki. Picha zao hubaki. Ndiyo maana tunamnasihi msomaji apendaye kupiga picha: kabla ya kununua lenzi mpya, nunua diski ya pili ya kuhifadhia.

Kompyuta huharibika bila taarifa. Kila picha na iwe na nakala 3: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na mbali na nyumbani, kwa ndugu au katika hifadhi ya intaneti. Ukihariri kwa GIMP, programu isiyolipiwa, hariri nakala na uiache picha ya asili.

Picha zikifutwa kwa bahati mbaya kwenye kadi ya kamera, usikate tamaa. Aghalabu hufutika orodha tu. Picha zenyewe husalia mpaka nyingine ziandikwe juu yake. Basi itoe kadi hiyo papo hapo, usipige tena, kisha jaribu programu ya PhotoRec, nayo hailipiwi, ukihifadhi zinazookolewa kwenye diski nyingine. Diski ikianza kutoa mlio wa kugongagonga, izime na uipeleke kwa fundi.

Kamera hununuliwa tena. Sura ya mzazi aliyefariki haipigwi picha mara ya pili.