MB Sawasawa Si Ushahidi

"Fundi, hii VPN ina MB sawasawa na ya rafiki yangu wa Mbarara, si ndiyo ileile?" Swali hili halichoki hapa Kabazana. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, watu wakawa wanaifungua kwa VPN, na faili za VPN hizo zinarushwa kwa Bluetooth simu kwa simu; ya kwanza ilitoka wapi, hakuna anayejua.

MB hazithibitishi kitu. Simu inayoonyesha 58.3 MB imekadiria: karibu baiti laki moja zinaweza kuongezwa na namba hiyo isitikisike, na programu ndogo ya kuvuta virusi haihitaji hata nusu yake. Ukihesabu baiti moja moja, bado. APK ni faili la zip tu. Mhalifu akipunguza picha na kujaza takataka, ukubwa unalingana hadi baiti ya mwisho. Jina hubadilishwa, nembo hunakiliwa. Na usiniambie "mbona inafanya kazi vizuri?" FMWhatsApp 16.80.0, WhatsApp isiyo rasmi, nayo ilifanya kazi vizuri; Agosti 2021 wataalamu wa usalama wa Kaspersky walikuta ndani yake Triada, kirusi kinacholeta wenzake, wakiwemo wa kukuandikisha huduma za kulipia bila wewe kujua. Halafu mtu anakuja kulalamika kwamba kampuni ya simu inamlia airtime!

Kinachotambulisha faili ni heshi. SHA-256 hupitia kila baiti na kutoa herufi na tarakimu 64. Geuza biti moja, mstari wote unageuka. Badilisha jina la faili, haugeuki. Heshi za zamani, MD5 na SHA-1, achana nazo: hiyo ya pili ilivunjwa Februari 2017 na Google pamoja na kituo cha CWI cha Amsterdam, kwa PDF mbili tofauti zenye heshi moja.

Haya, Windows: certutil -hashfile vpn.apk SHA256. Linux, au Termux (programu ya amri za Linux kwenye Android): sha256sum vpn.apk. Bandika jibu kwenye utafutaji wa VirusTotal, tovuti inayokagua faili kwa antivirus nyingi. Unatuma herufi 64, si MB 58 za bando lako. Linganisha pia na heshi iliyotangazwa na watengenezaji wenyewe, si ile uliyorushiwa pamoja na faili. VirusTotal wakisema haipo, maana yake haijawahi kufikishwa kwao, si kwamba ni salama. Heshi yako ikitofautiana na ya rafiki yako, angalieni kwanza toleo na simu: faili ya simu ya biti 32 na ya biti 64 zinaweza kutofautiana kihalali. Huna kompyuta wala Termux? Chukua VPN kutoka Play Store au F-Droid, na ile ya Bluetooth uifute.